Wimbi la Kalangalala

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja pale Kahama, kibanda chake kimebanwa kati ya duka la dawa za mifugo na mama anayekaanga vitumbua. Alipogusisha chuma chake cha moto kwenye kifaa fulani ndani ya simu, harufu ya plastiki iliyopata joto, ikichanganyika na vumbi linaloungua, ilinipanda puani, nikajikuta nimeshika ukingo wa meza yake kwa mikono miwili.

"Vipi dada, kizunguzungu?" akaniuliza.

Nikamwambia ni jua. Halikuwa jua. Ilikuwa ni harufu ya sebule yetu ya Kalangalala, pale Geita, nilipokuwa darasa la pili. Mashine ya gemu imewashwa tangu nimetoka shule, imepata moto kama sufuria iliyosahaulika jikoni, na mimi nimekaa mbele yake naogopa hata kupepesa macho. Watu wa umri wangu wakikutana hupenda kusimuliana gemu za utotoni kwa vicheko, nani alikuwa bingwa, nani alivunja pedi ya kuchezea kwa hasira. Mimi huwa nanyamaza. Najua nikianza kusimulia, vicheko vitaisha.

Tulikuwa tumehamia Geita muda mfupi tu, tukitokea kijijini upande wa Shinyanga, kumfuata Baba. Alikuwa mchimbaji. Siyo wa ule mgodi mkubwa wenye uzio na magari ya taa za njano. Alikuwa wa maduara, yale mashimo ya kuchimbwa kwa mkono huko nyuma ya vilima, yanayoshuka wima kama kisima halafu yanapinda kufuata mwamba wenye dhahabu. Mwamba ukikubali, watu wanarudi nyumbani na magodoro mapya na pikipiki. Safari moja ulikubali, Baba akarudi na runinga iliyotumika pamoja na mashine ya gemu, vyote kavinunua kwa kijana mmoja aliyekuwa anahamia Mwanza. Ndani ya mashine mlikuwa na sidii moja tu. Hakukuwa na mpira, wala magari, wala ngumi. Ni mwanaume mmoja wa kaptula nyekundu, kifua wazi, anayesimama juu ya ubao na kuteleza juu ya mawimbi ya bahari.

Bahari hakuna aliyewahi kuiona nyumbani kwetu. Ziwa nililiona siku moja, tulipokwenda Nungwe kununua samaki. Lilikuwa limejilaza kimya, linalamba miguu ya ng'ombe waliokuja kunywa. Lakini maji ya kwenye ile sidii yalikuwa yanasimama. Yanainuka taratibu nyuma ya yule mtu, yanapita urefu wa nyumba, yanapinda juu ya kichwa chake mpaka yanakuwa shimo, na yeye yumo ndani ya shimo anakimbilia mwanga ulio mbele. Asipouwahi, shimo linafunga. Hapo kioo kinageuka bluu ya giza, sauti zote zinakatika, vinabaki viputo tu vinapanda kimoja kimoja.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa kwetu siku hizo, amekuja kutibiwa miguu. Aliangalia mara moja tu akajifunika uso kwa khanga, akapiga kelele kwa Kiswahili chake cha Kisukuma.

"Mayu wee! Zimeni hiyo bahali, italowanisha nyumba!"

Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshaangalia sakafu.

Jioni zile Baba alikuwa akirudi anakaa kwenye kochi na miguu yake yenye tope jekundu, anamtazama kaka yangu Masanja akicheza. Siku moja nikamuuliza kule chini anakokwenda kukoje. Akafikiri kidogo, akaonyesha kioo kwa kidevu.

"Kama humo humo alimo yule. Unaingia ndani, halafu unautafuta mwanga wa kutokea."

"Na likifunga?"

"Baba Masanja, usimtishe mtoto," Mama akasema kutoka jikoni, na Baba akaanza kubandua tope miguuni.

Hakujua kwamba alikuwa ameshanitisha. Mtoto haambiwi jambo likaishia masikioni. Nililala nalo, nikaamka nalo, na asubuhi yule mtu wa kaptula nyekundu hakuwa tena mtu wa kwenye runinga.

Masanja alikuwa hanipi pedi. Siku aliyonipa ni kwa sababu vidole vilikuwa vimemchoka. Ilikuwa alasiri, mimi na yeye tu ndani, Bibi anachambua mchele uani. Akanionyesha: kitufe hiki analala kifudifudi kwenye ubao na kupiga maji kwa mikono, hiki anasimama. Nikabonyeza. Mtu akasimama, wimbi likaja, likapinda, nikababaika vidole, shimo likamfunga. Kioo kikawa giza. Na wakati uleule, kabla viputo havijaanza kupanda, ardhi ikaguna. Nyumba nzima ikatikisika. Vikombe kabatini vikagongana, vumbi likadondoka kutoka kwenye mabati.

Niliitupa pedi. Masanja akajibwaga chini kwa kicheko.

"Umeona ulivyofanya? Umeangusha mtu mpaka nchi imetetemeka! Na Baba yuko huko huko chini!"

Alikuwa ananitania. Yeye alishajua mtikisiko ule ni wa nini, kila mtu wa Geita anajua. Mimi nilikuwa nimewahi kuusikia nikiwa nacheza nje, nikadhani ni malori. Sasa nilikuwa nimeuona unatoka wapi.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Masanja akishika pedi nakimbilia uani na kuziba masikio, halafu narudi mbio kwa sababu kutoona kulikuwa kubaya zaidi. Nilimwomba asicheze Baba akiwa kazini. Akaniambia, "Sasa nicheze lini?" Nikamfichia pedi kwenye pipa la unga, Mama akanichapa. Sikusema sababu. Kuna hofu ambazo mtoto anaamini akizitamka tu zinatokea.

Mbaya kuliko Masanja alikuwa Baba Neema. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, wanachimba duara moja na Baba, kwa kupokezana zamu. Neema alikuwa bado mtoto mchanga. Baba Neema alikuwa mtu mwembamba, mwepesi wa kicheko, haingii nyumba bila kupiga mluzi kwanza. Siku za mapumziko yake alikuja kucheza na Masanja, na hakuna mtu aliyekuwa hajui gemu kama yeye. Alikuwa hamalizi wimbi hata moja. Anasimama, anapepesuka, anaanguka, halafu anarusha mikono juu.

"Nimekufa tena! Kabula, njoo unizike!"

Namkumbuka anavyonigeukia na meno yake meupe, anangoja nicheke. Nilikuwa nalia. Mama akadhani namwonea wivu kwa pedi, akasema, "Shemeji, hebu mpe na yeye." Akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama anampa mkubwa wake.

Hapo ndipo nikagundua jambo. Kulikuwa na sehemu ya mazoezi isiyo na saa wala pointi. Ukimwacha yule mtu amelala kifudifudi kwenye ubao, usibonyeze cha kusimama, mawimbi yanapita chini yake tu. Yanamnyanyua kidogo, yanamshusha. Haanguki. Anaweza kukaa hivyo mpaka unachoka wewe.

Nikawa siendi kucheza nje. Natoka shule mbio, sare mwilini, nawasha, namlaza mtu wangu kwenye ubao, na hapo nakaa. Masanja alipiga kelele mpaka Baba mwenyewe akaamua kwamba mchana ni zamu ya Kabula. Kwa hiyo kila Baba aliposhuka duarani mchana, mimi nilikuwa nimemshikilia juu ya maji. Chakula nilikula kwa mkono mmoja. Haja ndogo nilibana, na siku moja nilishindwa kubana. Kilichoniogopesha ni kwamba ardhi iliendelea kuguna alasiri hata mtu wangu akiwa amelala salama. Nilifikiri sana, nikapata jibu: kuna nyumba nyingine hapa mjini yenye mashine kama yetu, na huko wameshamwangusha baba wa mtu. Nilikuwa namshukuru Mungu siyo wetu.

"Mtoto huyu gemu imemroga," Mama alimwambia Bibi. "Hata kucheza hachezi. Anatazama maji tu."

Bibi akanitazama kwa muda mrefu. "Huyu hapendi hiyo kitu," akasema. "Mwangalie mabega." Lakini hakuna aliyeendelea na hilo neno.

Siku yenyewe mvua ilianza tangu asubuhi. Mvua ya kwetu, ile inayopiga mabati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Shule walituruhusu mapema kwa sababu madarasa yalikuwa yanavuja. Nilifika nyumbani nimelowa, nikawasha, nikamlaza mtu wangu. Nilikuwa nimeshakaa muda mrefu umeme ulipokatika. Kioo kikafa. Hakukuwa na viputo, hakukuwa na wimbi, ni weusi tu na sura yangu ndani yake. Sikujua kama amebaki juu au amezama. Nikaendelea kushika pedi. Nikajiambia mradi sijabonyeza cha kusimama, hawezi kuanguka.

Mwanaume mmoja kutoka machimboni alikuja anakimbia bila viatu. Alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika, hakuingia.

"Mama Masanja, shikamoo. Duara limejaa maji."

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuitikia salamu. "Nani yuko chini?"

"Wote wawili. Walikuwa wanabadilishana zamu. Wamepasua ukuta wa shimo la zamani lililokuwa limejaa mvua, maji yakaingia kwa mkupuo."

Mama alitoka hivyohivyo na kisu mkononi. Nikasikia mlango wa pili unagongwa, nikasikia sauti ya Mama Neema, siyo neno, sauti tu, halafu wote wakapotelea kwenye mvua. Masanja akawafuata. Tukabaki mimi na Bibi, na kichanga Neema kalazwa kwenye kochi letu amefungwa kwa khanga.

Bibi alipotaka kunitoa pedi mkononi nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena maishani. Akaniacha. Akakaa chini karibu yangu, miguu yake mibovu kainyoosha, akaanza kusali kwa Kisukuma, akitaja jina la Baba na la Baba Neema kwa zamu. Mimi nilikuwa nataja moja tu. Usiku wa siku ile siukumbuki. Nakumbuka kulivyopambazuka, vidole vyangu vimekakamaa, haviwezi kukunjuka, na Bibi anavikanda na mafuta.

Asubuhi ile pampu zilikuwa zimevuta maji yakapungua. Baba alipatikana hai. Alikuwa amewahi kupanda kwenye tawi la juu la duara, kipande cha kuchimbia kilichoachwa, na humo alikaa amejikunja, maji yamemfika kifuani, anagonga mwamba kwa nyundo ili walio juu wajue. Baba Neema alikuwa chini zaidi. Walimtoa baada yake.

Walipomleta Baba nyumbani sikumtambua. Macho yalikuwa mekundu na midomo imebadilika rangi. Alipita mbele ya runinga akaketi sakafuni, siyo kwenye kochi, akamchukua Neema mikononi, akawa anamtazama. Nilimsogelea nikagusa mguu wake. Ulikuwa wa baridi kama samaki. Ndani yangu niliwaza, nimefaulu. Na mara baada ya hilo wazo likaja jingine, na hilo ndilo lililonivunja: Baba Neema alikuwa anajiangusha mwenyewe, tena na tena, huku anacheka. Nilimwona. Na nilipokesha kwenye zamu yangu ya kulinda, sikuwa nimemlinda yeye.

Msiba uliwekwa uani kwetu kwa sababu chumba cha wafiwa kilikuwa kidogo. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi ya kukodi. Mama Neema alikuwa ameegemezwa ukutani. Mwanamke mmoja mtu mzima akawa anasema, kama watu wanavyosema, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nani ajuaye kwa nini amchukue kijana na kumwacha mtoto mchanga.

"Mimi najua," nikasema.

Nilisema kwa sauti. Wanawake wote wakanigeukia. Mama akanivuta mkono mpaka nikahisi bega linachomoka, lakini Mama Neema akainua kichwa. "Mwacheni," akasema kwa sauti iliyokauka. "Kabula, unajua nini?"

Sikuweza. Baba akainuka kutoka kwenye mabenchi ya wanaume, akaja akanibeba mbele ya watu wote, mtoto mkubwa mzima, akaniingiza ndani na kufunga mlango.

"Sema."

Nikasema. Nilianza na viputo, nikaja kwa vikombe vya kabatini, nikaja kwa aliyosema Masanja, nikaja kwa Baba Neema na "nimekufa tena." Nilimweleza jinsi ninavyomlaza mtu kwenye ubao, na kwa nini sitoki kucheza, na kwa nini nilijikojolea. Baba alisikiliza amepiga magoti. Sikuwahi kumwona mtu mzima akisikiliza namna ile. Nilipomaliza alifuta uso wake kwa kiganja.

"Ile ni baruti," akasema. "Mgodi mkubwa wanapasua mwamba alasiri. Hata kabla hatujahamia hapa walikuwa wanapasua. Siyo wewe. Siyo Masanja. Siyo marehemu."

Sikumwamini. Akaliona hilo. Siku zilizofuata msiba ulipopoa, akanichukua alasiri tukakaa kizingitini, runinga imezimwa, waya umechomolewa na yeye kaushika mkononi ili niuone. Tukangoja. Ardhi ikaguna. Nikarukia shingoni kwake, akanishikilia, akasema tena, "Baruti." Kesho yake tukangoja tena, na keshokutwa. Ilinichukua muda kulikubali jambo ambalo macho yangu yalikuwa yameliona.

Halafu akataka kunimalizia hofu kabisa. Akachomeka waya, akawasha, akashika pedi ambayo hakuwahi kuishika. "Angalia. Mimi niko hapa, na huyu namwangusha." Akamsimamisha yule mtu. Wimbi likainuka nyuma yake, likapinda, likafunga. Kioo kikawa giza, viputo vikaanza kupanda. Mimi sikuangalia kioo, nilimwangalia Baba, ili niwe na uhakika kwamba hajaondoka. Hakuwa amefungua kinywa. Kifua hakikuwa kinapanda wala kushuka. Alikuwa ameacha kuvuta pumzi, na hakuivuta mpaka yule mtu alipoibuka juu ya maji. Alipoivuta ilitoka na sauti. Akaiweka pedi chini polepole, akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya choo ambako alidhani hatumwoni.

Hatukuiwasha tena. Baba aliiuza, na alichopata akampelekea Mama Neema, ambaye muda mfupi baadaye alirudi kwao Isaka na mtoto.

Nilipokuwa mkubwa niliwahi kufikiri kwamba ile ilikuwa siku ya kupona kwangu. Siyo kweli. Hofu ya kwanza ilikuwa ya uongo lakini ilikuwa na kitu cha kushika. Kulikuwa na kitufe cha kubonyeza na kitufe cha kutobonyeza. Baba aliponiondolea ile, alinibakisha na ya kweli, na ya kweli haina pedi. Kwa sababu alirudi duarani. Niwaambie mapema ili msihangaike kama nilivyohangaika: hakuna lililompata. Alichimba miaka mingine mingi, na kilichomtoa huko hatimaye ni kifua. Sasa analima mpunga, anakohoa na kugombana na ndege. Lakini siku ile anarudi duarani sisi hatukujua hayo.

Ilikuwa asubuhi yenye jua, barabara bado ina madimbwi. Mama hakutoka kumuaga, alikuwa amejifungia chumbani. Nikamfuata Baba mpaka barabarani, pale anaposubiri pikipiki ya machimboni, buti mguuni, tochi ya kichwani kaininginiza shingoni. Nilikuwa na sare ya shule. Nikamuuliza:

"Baba, leo maji hayapo huko?"

Nilitegemea jibu. Watu wazima wanayo majibu ya watoto, wanayatoa bila kufikiri. Baba alinitazama, akatazama upande wa vilima, akarudi kwangu.

"Sijui, Kabula."

Akanyoosha mkono, nikaushika, tukasimama hivyo kando ya barabara, watu wa sokoni wanatupita na matenga yao. Hatukuachiana mpaka pikipiki ilipokuja.